Mama amekwama Dar, eVisa haifunguki

Kijana wa Ngamiani (Reading):
Salaam ndugu zangu. Mama alikuwa arudi huku Uingereza Jumamosi. Kaunta ya ndege wakamwambia hawamwoni kwenye mfumo, aonyeshe eVisa, yaani kibali chake cha ukaazi cha mtandaoni. BRP yake, ile kadi ya ukaazi, ilikwisha 31 Desemba 2024 kama za wengi wetu. Akatoa simu, akajaza namba ya pasi na tarehe ya kuzaliwa, akaambiwa katumiwa tarakimu za kuingilia. Zimetumwa wapi? Kwenye laini yake ya huku iliyokatwa kwa kukosa salio. Njia ya pili ni barua pepe, na hiyo aliifungua shemeji alipokuwa anamtengenezea akaunti. Shemeji yuko Canada siku hizi na neno la siri kalisahau. Foleni inanung'unika, mama wa watu anamwambia binti wa kaunta, "Mwanangu, nibonyezee wewe." Binti kakataa. Mama karudi Magomeni kwa mdogo wake na mabegi yake yote.
Swali: laini hakuna, barua pepe haifunguki. Akaunti ya UKVI, idara ya viza ya huku, inarudishwaje mtu akiwa nje?

Mama Nasra (Leicester):
Pole sana mwanangu. Mimi share code ya mama mkwe, ile namba ya kumwonyesha mtu kibali chako, naitoa kabla hajasafiri, namwandikia kwenye karatasi, anaitia kwenye pochi na pasi. Inadumu siku 30.

Jirani wa Forodhani (Barking):
Siku 90, si 30. Na uangalie herufi ya mwanzo: W ni ya kazi, R ya mwenye nyumba, S ndiyo ya mengineyo. Tena kwa ndege haikuwa lazima, maana pasi ikiwa imeunganishwa na akaunti wanamwona wenyewe. Mama alibadilisha pasi?

Kijana wa Ngamiani:
Ndiyo, alichukua mpya mwaka jana pale Stratford Place.

Jirani wa Forodhani:
Basi ndiyo hiyo. Namba mpya hamkuiingiza. Halafu watu wa ndege wana simu ya kuulizia huku saa 24, wangepiga.

Mama Nasra:
Za mama mkwe zilikuwa 30. Lakini haya.

Mzee wa Slough:
Mtaniwia radhi vijana. Mnatupokonya simu, mnabonyeza pap pap pap, mnaturudishia: "Tayari mama." Tayari nini? Barua pepe ya shemeji, namba ya mjomba, neno la siri jina la mjukuu. Mama huyohuyo akiwa Tanga anapiga *150*00#, anatuma hela na ya kutolea juu, hakosei hata senti.
Mke wangu skrini ilikuwa haimtii. Vidole vimekauka kwa baridi, basi anakandamiza kwa nguvu na anakawia kuachia. Simu inadhani anataka kuzihamisha programu, zinaanza kutetemeka, naye anaitupa kochini: "Limeharibika!" Nikaingia kwenye mipangilio, nikarefusha muda wa mguso, nikakuza maandishi. Kisha simu akashika yeye, mimi mikono mgongoni. Hatua kaziandika kwenye daftari kwa maneno yake: "gusa kile kijani chenye simu, ngoja, usiguse tena." Siku ya kupigwa picha ya uso alivua miwani, akakaa kuelekea dirishani, mtandio wake kichwani, ikakubali.

Wa Kisauni (Milton Keynes):
Shikamoo mzee. Lakini dawa ya haya yote ni uraia. Sisi Wakenya tangu Katiba ya 2010 tuna pasi mbili, nyanya yangu hajui hata eVisa ni nini.

Jirani wa Forodhani:
Hongereni. Mama yake Mtanzania, akila kiapo cha huku, uraia wa kwao umekwenda. Na msiniambie habari za hadhi maalumu ya diaspora, hadhi si uraia. Mtu kazaliwa Tanga, kazika wazazi Tanga, aingie kwao kama mgeni?

Wa Kisauni:
Sikuleta ubishi ndugu yangu.

Mzee wa Slough:
Marahaba mwanangu. Hili tumelisema tangu mvi zangu zinahesabika.

Mama Nasra:
Na huyo mama asimtajie mtu tarakimu za kuingilia, hata ajiite nani. Jirani yangu hapa alipata ujumbe: "Mama, simu imetumbukia majini, hii ndiyo namba yangu mpya, nina shida ya pesa." Akatuma. Mwanawe yuko chumba cha juu amelala! Ujumbe kama huo upelekeni 7726, ni bure. Ukipigiwa na mtu anayejidai wa benki, kata, piga 159.

Kijana wa Ngamiani:
Ahsanteni, nimeandika. Lakini kuirudisha akaunti? Yupo aliyewahi kufanya hivyo akiwa nje? Yeye mwenyewe ananiambia hana haraka, embe dodo zimejaa sokoni na mdogo wake hamruhusu kuingia jikoni.

Jirani wa Forodhani:
Embe dodo! Hapa juzi nimenunua moja, bei ya kuku, ndani nyuzi tupu.

Mzee wa Slough:
Kama bado yupo Magomeni, mwambie anichukulie ubani mzuri Kariakoo. Pesa nakutumia wewe leo. Nipe namba zako za benki, ila si hapa kwenye listi.