Snea yetu imemiminiwa oili chafu na kukatwa thredi, na bado naambiwa nishukuru

Wadau wa dramu, leo sina salamu ndefu. Kanisa letu hapa Kisumu lina snea, ile dramu ndogo yenye nyaya chini, ya chuma ya inchi 14, skrubu za kukaza ngozi kumi juu na kumi chini. Ilikuwa inalia vizuri, ila skrubu kadhaa zilianza kugoma kwa sababu ya kutu. Wenye kuishi karibu na ziwa mnaijua hii hewa. Nikaiomba kamati mkebe mdogo wa grisi nyeupe, kazi niifanye mwenyewe. Wakakataa. Eti kuna fundi wa jenereta na pampu wanayemwamini, na bei yake ni nafuu.

Snea imerudi Jumamosi, nimeifungua kabla ya mazoezi. Jamani! Oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa ikishatolewa kwenye injini, imemiminwa juu ya kila skrubu hadi ikashuka ndani. Imetanda kwenye ngozi ya chini, ile nyembamba kabisa inayogusana na nyaya. Nyaya zenyewe zimegandana kwa oili na vumbi. Ukipiga unasikia ndoo, snea hakuna.

Hiyo ningeiosha nikanyamaza. Kinachonikera zaidi ni skrubu. Za snea yetu, kama za dramu nyingi sana, ni kipimo cha Marekani cha 12-24: unene wa karibu milimita 5.5, meno 24 kwa kila inchi. Bolti za kawaida madukani kwetu ni za milimita. Ya 5 inachezacheza, ya 6 haiingii. Huyu fundi amepoteza skrubu moja, akachukua bolti ya 6 na kuisukumiza ndani kwa spana. Inapoingia pana nati ya shaba, na shaba ni laini mbele ya chuma. Nilipoitoa ilishuka na unga wa njano. Thredi, yaani meno ya ndani ya nati, zimelika zote, hata skrubu ya sawasawa sasa inazunguka bure. Nimempigia simu, jibu lake: "Kaka, si ilikuwa imeshika?"

Ilikuwa imeshika! Na mzee wa kamati naye: "Mwanangu, wewe ndiye ulisema inataka mafuta. Si imepakwa?"

Mzee wangu, kwa heshima zote, mafuta yana mahali pake. Skrubu inatolewa, inasuguliwa na mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo mpaka uchafu wa kwenye meno utoke, inakaushwa kabisa. Halafu grisi ya lithiamu, au hata Vaseline, kidogo tu kwenye thredi na chini ya kichwa pale washa, kile kipete chake, inaposugua. Inarudishwa kwa vidole kwanza. Ikigoma kwa vidole, ufunguo wa dramu usiuguse, itoe uanze upya, maana hapo ndipo thredi zinapokatika. Swichi ya pembeni inayokaza na kulegeza nyaya inatosheka na tone la oili ya cherehani kwenye kiungo chake, inayozidi inafutwa. Nyaya hazipakwi kitu. Ngozi haipakwi kitu.

Na wale wa "puliza WD-40 umalize", hilo nalo nimelichoka. Ile dawa ilitungwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma. Inasaidia kulegeza skrubu iliyoshikwa na kutu, sikatai, lakini ukiiacha pale kama ndiyo grisi haikai, na baada ya muda skrubu inaanza kulia tena. Legeza nayo, futa, kisha paka grisi.

Oili chafu ndiyo mbaya kuliko zote. Imejaa masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini, ikikutana na vumbi la krusedi za uwanjani inasaga thredi kila unapokaza.

Nataka fundi arudishe pesa za kanisa, na kamati inunue nati na skrubu za kipimo chake pamoja na ngozi ya chini. Hili nitalisema kikaoni mbele ya wote, hata wakinuna.

Aliye na skrubu za 12-24 na nati zake, Kisumu, Kakamega au Nakuru, hata kutoka kwenye snea iliyokufa, aniandikie hapa na bei. Pima unene kwanza kabla ya kutuma. Za milimita 6 sizitaki.