Naomba ushauri: mfuatano wa KKS (kigawo kikubwa cha shirika) usioruhusu tarakimu kujirudia, je, utakwama?

Habari wakuu. Kanuni: anza na 2, kisha chukua namba ndogo kabisa ambayo haijatumika, yenye kigawo cha pamoja na iliyotangulia (KKS zaidi ya 1), lakini zisiwe na tarakimu hata moja inayofanana. Kwa mkono napata:

2, 4, 6, 3, 9, 12, 8, 10, 5, 20, 14, 7, 21, 30, 15, 24, 16, 22…

Angalieni 15. Baada ya 5 inakataliwa kwa sababu ya tarakimu 5, inarudi baada ya 30. Kwa hiyo ukiandika programu na kuweka kielekezi (alama ya kigawe kidogo kabisa ambacho hakijatumika) kwa kila namba tasa, kiruke zilizotumika tu. Kikiruka na zilizokataliwa, 15 inapotea na matokeo yote yanayofuata ni takataka.

Kinachonisumbua ni 390625, yaani 5 kipeo cha 8. Ndiyo kipeo cha kwanza cha 5 chenye 0. Kigawo chake tasa ni 5 pekee, na kila kigawe cha 5 huishia na 0 au 5. Ikifikiwa, mfuatano umekufa.

Kuna njia ya kuthibitisha kama itafikiwa, au ni kuendesha programu tu na kusubiri?