German Shepherd wa manyoya marefu au mafupi? Na kuna uchotara hapa?

Kigamboni_Kwetu:
Wakuu, habari za leo. Jumamosi nanunua mtoto wa German Shepherd na nimebaki na wawili. Dume, manyoya marefu, laki 5. Jike, manyoya ya kawaida, laki 7. Jirani anasema dume kachanganywa na Collie, aina ya mbwa wa manyoya marefu, maana wazazi wake wote wana manyoya mafupi na kati ya watoto saba ni yeye peke yake aliyezaliwa hivyo. Nichukue yupi?

Njiro_K9:
Mkuu, maelezo hayatoshi. Wana umri gani? Wazazi umewaona kwa macho au kwa picha? Wana rangi gani? Vyeti vya ukoo vipo? Atalala nje au ndani?

Ila la jirani tulimalize hapa hapa. Manyoya marefu si dalili ya uchotara. Jeni inayohusika, FGF5, ni fiche. Wazazi wawili wa manyoya mafupi wanaweza kuibeba bila kuonyesha chochote, na kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne hutoka na manyoya marefu. Mmoja kati ya saba ni jambo la kawaida kabisa. Sasa geuza swali: ukimpandisha German Shepherd wa manyoya marefu na mbwa wa kienyeji asiyebeba jeni hiyo, watoto wote watatoka na manyoya mafupi. Uchotara hujificha vizuri zaidi kwa huyo wa laki 7.

Mama_Simba:
Kwa Dar mimi nasema jike, bila kusita. Manyoya marefu kwenye unyevu wa pwani ni kazi ya kila wiki: kuchana kwa matabaka mpaka uone ngozi, siyo kupitisha brashi juu juu. Nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mapaja ndiko mafundo yanakoanzia. Kupe nao, usipotumia vidole huwaoni.

Pedigree_Nairobi:
Naongeza: kiwango cha German Shepherd cha FCI (shirikisho la kimataifa la mbwa), namba 166, tangu 2010, kinakubali aina zote mbili, mradi mbwa awe na manyoya ya ndani. Marefu yasiyo na tabaka la ndani ndiyo yasiyokubalika. Wamarekani wa AKC, klabu yao ya mbwa wa ukoo, bado wanayahesabu marefu kuwa kasoro. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu urefu, tenganisha manyoya ya mgongoni kwa vidole viwili: ukiona sufu laini, nzito, ya rangi hafifu karibu na ngozi, yuko sawa. Mgawanyiko ukienda moja kwa moja hadi kwenye ngozi, mvua ikinyesha ataloa mpaka ndani.

Kigamboni_Kwetu:
Asanteni. Wote wana wiki tisa. Wazazi wa dume nimewaona, wana vyeti. Kwa jike nimemwona mama tu, mweusi. Baba wanasema naye mweusi, yuko Moshi. Jike ni mweusi na kahawia, na miguuni ana michirizi myeusi.

Njiro_K9:
Hapo ndipo ulipotakiwa kuanzia, mkuu. Weusi mtupu wa German Shepherd ni fiche. Weusi wawili wakipandana hawatoi mtoto mwenye kahawia. Akitokea, baba ni mwingine, na jike wa mbwa anaweza kubeba watoto wa madume wawili kwa mimba moja.

Lakini usimhukumu mfugaji bado. Wako wanaoitwa weusi ambao kumbe wana kahawia kidogo. Inua mkia wa mama uangalie chini yake, kisha angalia kati ya vidole na upande wa ndani wa miguu ya nyuma. Ukikuta kahawia, si mweusi mtupu, na hoja yangu inaanguka.

Michirizi nayo iko wapi hasa? Mistari myeusi juu ya vidole ni kawaida ya aina hii. Ikipanda mpaka kwenye goti na ubavuni, hiyo ni milia, nayo haitokani na German Shepherd wawili wa leo. Lazima mzazi mmoja awe na jeni yake. Vivyo hivyo ndevu na nyusi ndefu: jeni yake ni tawala, haijifichi.

Pwani_Vet:
Masikio yaliyolala kwa wiki tisa yasikutishe, mengi husimama kati ya miezi mitatu na mitano. Doa dogo jeupe kifuani nalo si ushahidi wa chochote. Kama mfugaji ni mkweli, omba kipimo cha DNA cha kuthibitisha wazazi: sampuli ya mama, baba na mtoto. Kinajibu swali lako moja kwa moja kuliko kile cha kukisia asili kwa asilimia. Mtoto atengwe na mama kabla ya kusuguliwa kijiti ndani ya shavu, kwani maziwa huchanganya sampuli.

Bahari_Beach:
Chukua wa manyoya marefu, joto likizidi mnyoe. Mbona rahisi.

Mama_Simba:
Usimpe mtu ushauri huo! Kuna dume mmoja Mikocheni alipelekwa saluni ya mbwa mwezi wa kwanza, wakamnyoa kwa mashine mpaka ngozi. Jua likamchoma mgongoni wiki hiyo hiyo. Kisha sufu ya ndani ikarudi kwanza, ile ngumu ya nje ikachelewa, kiunoni haikutoka kwa zaidi ya mwaka. Sufu bila kifuniko hushika maji. Kila alipooga alibaki na unyevu chini, akatoka vidonda vyenye majimaji shingoni na juu ya mkia. Daktari alilazimika kunyoa tena sehemu hizo ili dawa ifike.

Bahari_Beach:
Wengine wananyolewa kila mwaka na hawana tatizo.

Pwani_Vet:
Wengine, ndiyo. Huwezi kujua wako ni yupi mpaka umeshamnyoa. Punguza kati ya vidole na chini ya mkia, basi. Akioga, taulo kwanza, halafu draya ya hewa baridi mpaka mzizi ukauke.

Pedigree_Nairobi:
Sioni mtu aliyeuliza nyonga. Manyoya hayamlemazi mbwa, nyonga mbovu zinamlemaza. Wazazi wana picha za eksirei?

Kigamboni_Kwetu:
Sijauliza. Michirizi nitaiangalia vizuri Jumamosi. Nimepigia simu kuhusu mkia wa mama, kijana kasema hajui. Kwa kupe, kidonge au dawa ya kudondoshea mgongoni?

Mama_Simba:
Kwa manyoya marefu, kidonge. Ya mgongoni lazima iguse ngozi, na watu wengi huishia kupaka manyoya.

Pwani_Vet:
Vidonge vya kupe vya fluralaner au afoxolaner, wiki nane na kuendelea, kilo 2 na zaidi. Mpime kwenye mizani kwanza, usikadirie kwa macho. Aliwahi kupata degedege? Nauliza kwa kuwa dawa hizi zinaweza kuichochea.