Kurudia kusoma, kujiuliza maswali au kukesha: kipi kinalipa?

Kalamu_Nyekundu
Wadau, habari za masomo. Muhula huu nataka kubadilisha namna ninavyopiga msuli, mapema, kabla mambo hayajachacha. Nina njia tatu mezani: (a) kusoma madesa mwanzo hadi mwisho na kuyarudia, (b) kufunika daftari na kujiuliza maswali, (c) kujiachia hadi wiki ya mtihani, halafu nikeshe. Hiyo ya tatu msinicheke, nina rafiki anafaulu nayo kila mwaka. Nasoma anatomia, ya kukariri ni mengi. Waliojaribu zaidi ya moja, tupeni ulinganisho.

Bundi
Mimi ni mtu wa (c), nasema bila aibu. Inakuvusha mtihani wa kesho asubuhi. Wiki mbili baadaye kichwa kitupu. Kwa somo la kupita tu, sawa. Anatomia utakutana nayo tena wodini.

Dada_Daftari
(b), tena inaziacha mbali hizo nyingine. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo huko Marekani. Wote walisoma kifungu, kisha baadhi wakakirudia na wengine wakaandika wanachokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokuwa mbele.

Sasa angalia mtego ulipo: (a) inakupa raha jioni ileile. Ukurasa unaufahamu kwa sura, unafunga daftari ukijiona umeiva. Kuutambua ukurasa ni rahisi, kuyatoa yaliyomo ukiwa na karatasi tupu ndiyo kazi.

Kwa anatomia fanya hivi. Chora kifundo cha mkono, mifupa yote 8, bila kuandika majina. Funga kitabu. Andika majina unayoyakumbuka kwa kalamu ya kawaida, ukikwama acha wazi. Fungua kitabu, yaliyobaki yajaze kwa kalamu nyekundu (jina lako linakuruhusu). Kesho yake usisome ukurasa mzima, anza na yale mekundu tu. Mara ya kwanza mchoro utakuwa mwekundu hadi ukate tamaa. Usikate.

Bundi
Lakini dada, huwezi kujiuliza kitu ambacho hujakielewa. Kusoma kwa utulivu mara ya kwanza lazima kuwepo.

Dada_Daftari
Hapo sibishi. Ninayemkataa ni yule anayesoma mara ya nne huku anapaka rangi kila mstari.

Mzee_wa_Kadi
Ongezeni (d): kadi za maswali kwa mpangilio alioueneza Sebastian Leitner mwaka 1972. Boksi lenye vyumba. Kadi zote zinaanzia chumba cha kwanza, unachopitia kila siku. Ukijibu sawa, kadi inasogea chumba kinachofuata, ambacho unakipitia kwa nadra zaidi. Ukikosa, inarudi mwanzo bila huruma. Kwa hiyo muda wako unakwenda kwenye yanayokushinda, na unayoyajua hayakuchoshi.

Ubaya wake: kutengeneza kadi kunakula muda, na kuna watu wanatengeneza kadi nzuri ajabu halafu hawazigusi tena. Swali moja, kadi moja. Ukihamishia aya nzima kwenye kadi umerudi kwenye (a).

Tulizo
Mnalinganisha mbinu, na muda je? Mimi natumia Pomodoro ya Francesco Cirillo: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, baada ya mizunguko minne unapumzika zaidi. Simu inakaa chumba kingine. Zile dakika 5 simama, nyoosha mgongo, kunywa maji. Ukizitumia mtandaoni hazitabaki 5.

Hesabu_Ngumu
Kwa kukariri, sawa. Kwa hesabu hapana. Dakika ya 25 inalia ndipo nimeanza kuona njia ya swali, nikiinuka nairudia kazi upya. Mimi nakwenda 50 kwa 10, na nachanganya maswali ya mada tofauti badala ya kumaliza mada moja kwa mkupuo. Inachosha zaidi, ila mtihani nao haukuambii swali hili ni la mada gani.

Kalamu_Nyekundu
Asanteni sana. Kuhusu usingizi: nilale kabla ya saa sita usiku, au nisukume na kahawa?

Tulizo
Lala. Ubongo unaimarisha uliyojifunza ukiwa usingizini, kwa hiyo anayekesha anapunguza faida ya kazi aliyoifanya mchana. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Na kahawa haiondoki haraka: kwa wengi huchukua kama saa 5 nusu ya kafeini kutoka mwilini. Ukinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu bado unayo. Muda wa kulala wenyewe chagua, mradi usibadilike kila siku.

Bundi
Hii mada imeniandama mimi.

Kalamu_Nyekundu
Haha, pole mkuu. Basi naanza na mchoro wa Dada, na mekundu yote nayapeleka kwenye kadi za Mzee. Mzunguko nitajaribu 25 kwanza. Swali la mwisho: mishipa ya fahamu ya mkono nianzie begani au vidoleni?

Mzee_wa_Kadi
Begani. Ukianzia vidoleni utakutana na matawi kabla ya shina, na kadi zitakuwa nyingi bila sababu.