Kanikatia "bear" kwa wino mwekundu mbele ya wateja, eti tangu lini ofisi ikafuga dubu!!

Wakuu natoka kazini mikono bado inatetemeka, daladala imenipitiliza vituo viwili kwa hasira. Yule bosi wangu mnamjua, wala sina haja ya kumtaja, wa tai ndefu kama mkia wa kenge.

Asubuhi sistimu imezima, foleni inakaribia kutokea mkoa wa pili, naambiwa andika tangazo la mlangoni. Nikaandika safi kabisa "Kindly bear with us", yaani tafadhali mtuvumilie, nikaprinti, nikabandika na soltepu. Akaja, akasoma kwa kidole neno moja moja kama anatafuta jina la mwanae kwenye matokeo, akachomoa kalamu nyekundu, AKAKATA. Juu yake kaandika "bare", kisha kageukia foleni: "Tangu lini ofisi hii ikafuga dubu?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Mpaka mlinzi!

Dubu wapi jamani! Hiyo bear ni kitenzi, tangu Kiingereza cha kale ni beran, kubeba, kuchukua mzigo, ukoo mmoja na birth maana mama anabeba mimba. Dubu ni neno lake lingine kabisa, yamegongana sauti tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini. Na bare ni UCHI. Yaani saa hizi mlango wetu unawaomba wazee wa pensheni wavue nguo pamoja na sisi!

Mwenye Biblia afungue 2 Wakorintho 11:1, Paulo anasema "mchukuliane nami", King James ya 1611 palepale ni "bear with me". Kuchukuliana! Waliotafsiri walilishika neno mpaka mzizi, huyu na digrii zake mbili anaona dubu.

Wino mwekundu wakuu. Mbele ya wateja.

Kisamvu cha Karanga: Nimekaa siti ya mbele, endeleeni.

Mtu wa Pwani: Pole, ila mbona hukumjibu palepale? Umesubiri uje kutufokea sisi na beran yako.

Mleta mada: Nimjibu na mkataba unaisha mwezi ujao? Nimesimama na soltepu mkononi wananicheka, nilikosa hata mate ya kumeza.

Kipanga: Bosi yuko sahihi bana. King James hiyohiyo Mwanzo 4:1, Hawa "bare Cain". Kasome.

Mleta mada: Huo ni wakati uliopita wa kizamani, siku hizi ni bore! Hawa alimzaa Kaini, hakumvua nguo! Na mimi sikuandika jana, niliandika leo, akakata leo, kwa wino MWEKUNDU.

Babu Chaki: Mleta mada ana haki. Kwenye Julius Caesar ya Shakespeare, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, Antony anahutubia watu mbele ya maiti, uchungu unamkaba, anawaambia "Bear with me". Huyo bosi angekuwepo angemkata na yeye.

Dada wa Kaunta: Nyie mna afadhali. Wa kwetu kila imeili ni "revert back", yaani rudi kurudi, juzi kaniandikia "you will loose your leave" badala ya lose, likizo ikalegee wapi sasa? Nimemwonyesha, kasema keyboard.

Kipanga: huyo nae ajui kitu

Mtu wa Pwani: HAJUI. H moja imekushinda halafu unamtetea mtu wa kalamu nyekundu.

Kipanga: Watu wa pwani mnajikuta Kiswahili mmerithishwa na bibi

Mtu wa Pwani: Ndiyo, nimerithishwa na bibi. Andika H.

Kisamvu cha Karanga: Mambo ya H yananinyima usingizi mimi, kuna mtu kwenye grupu la mtaa kila siku "hasubuhi njema", H anayoinyima hajui anaipeleka huko.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye tangazo, bado liko mlangoni

Dada wa Kaunta: Hasubuhi 😂😂 wa kwetu "hasante". Na ile ya "kula yako ni siri yako" kipindi cha uchaguzi?

Babu Chaki: Hapo kwenye L na R msinianzishe.