Risasi nilizojaza mwenyewe zinakubali kwenye bolti ila M1 Garand inazigomea, shida nini?

msukuma_wa_texas:
Wakuu habari za jioni. Mimi niko Texas, na hobi yangu ni kujaza risasi mwenyewe, yaani naokota maganda yangu, natoa fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) iliyolipuka naweka mpya, napima baruti, napachika kichwa. Nina bunduki ya bolti (kila risasi unaifungua na kuifunga kwa mkono) inayotumia risasi za saizi ya .30-06, miaka minne sijawahi kuona tatizo. Kawaida nabana shingo ya ganda tu, pale panaposhika kichwa, ganda zima siligusi, maana wazee wa hapa renji walinifundisha kwamba ganda likishapanuka likachukua umbo la chemba yako (pale risasi inapokaa ikipigwa) uliache hivyohivyo, linadumu na shabaha inatulia, na kweli inatulia.

Sasa mwezi uliopita nimenunua M1 Garand, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani inayojipakia yenyewe, kwa mzee jirani. Nikaweka klipu ya risasi 8 (dole gumba limepona chupuchupu), bolti ikaenda ikaishia njiani haikufunga, nikaigonga na kiganja ikafunga, nikafyatua, ikapiga fresh. Ya pili ikakwama haiingii haitoki, jasho likanitoka. Vichwa ni vya greini 180 (kipimo cha uzito), baruti ni ile 4350. Risasi si ni .30-06 ileile jamani? Au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

fundi_chuma:
Mkuu kwanza acha kupiga, hizo zilizobaki weka pembeni halafu ndo uendelee kusoma.

Bunduki yako haina kosa, kosa ni maganda. Lile ganda ulilobana shingo tu limeshonwa kwa kipimo cha chemba ya bolti yako, ni kama suti ya fundi, inamkaa mwenye nayo. Kwenye bolti hata likibana kidogo mkono wako una nguvu ya kulisukuma na ile mikunjo ya bolti inakusaidia kulivuta likitoka. Garand mkono haupo, kuna springi tu. Kwa hiyo za nusu otomatiki unabana ganda ZIMA kila mara, bega (pale ganda linapoanza kupungua kwenda shingoni) lirudi nyuma kama 0.003 hadi 0.004 ya inchi kutoka lilipofika baada ya kupigwa. Nunua geji ya ganda, unadumbukiza risasi ndani, kitako kikizidi ukingo hiyo haiendi kwenye bunduki. Pia pima urefu wa ganda, maana ukilibana zima linarefuka, unakata shingo.

Na ile kugonga bolti na kiganja usirudie kabisa. Pini ya Garand inaelea haina springi ya kuirudisha, bolti inapofunga kwa kasi pini inaigusa fataki kidogo. Ukitoa risasi nzima kwenye chemba utaona kadoa juu ya fataki. Sasa kama fataki imekaa juu ya usawa wa kitako, au ni ya aina laini sana, inaweza kulipuka bila wewe kugusa traiga. Pitisha kidole kwenye kila fataki, iwe chini ya usawa kidogo, na tafuta zile ngumu za mtindo wa jeshi.

babu_gobore:
😂😂 Nyie watu wa mbele mna mambo. Huku kwetu babu alikuwa anamimina baruti mdomoni, anashindilia kitambaa na gololi, anaweka fataki kwenye chuchu, anaondoka zake kuwinda nguruwe. Hakuna geji hakuna inchi. (Jicho moja halikuwa linaona vizuri, hatukuwahi kuuliza kwa nini.)

mama_wa_range:
Babu gobore umenimaliza 😂. Ila humo kuna hoja, gobore halina mashine ya kulisha, hapo ndo tofauti yote ilipo. Fundi kamaliza habari ya ganda, mimi niseme la baruti maana naona kalirukia na ndilo lingekugharimu hela.

Kwenye bolti injini ni mkono wako. Kwenye Garand injini ni risasi yenyewe. Kuna katundu karibu kabisa na mdomo wa mtutu, kichwa kikikapita gesi inaingia humo inasukuma ule mkono mrefu wa chuma, ndo unaofungua bolti. Sasa 4350 inaungua taratibu, kwa hiyo kichwa kinapofika kule mbele presha bado ni kubwa, na ukiongeza kichwa kizito cha 180 mkono unapigwa teke kuliko ulivyoundwa. Unapinda. Na sio lazima presha ya chembani iwe imezidi, hapo ndo wengi wanadanganyika, wanakagua fataki wanaona iko poa kumbe huko mbele mambo yameharibika.

Bunduki hii iliingia jeshini 1936, na risasi iliyokuja kuwa ya kawaida yake ni M2, kichwa kama greini 150, baruti 4895. Ukae humohumo. Vitabu vingi vya kujazia vina ukurasa wa Garand peke yake, fuata huo, usichukue wa .30-06 ya kawaida. Kuna na plagi ya gesi ya kurekebisha, unapunguza gesi kwa skrubu, ila kwangu mimi hiyo sio leseni ya kuweka chochote.

Halafu cha kuchekesha, John Garand mwenyewe aliyeibuni alikuwa ameshaiandaa kwa risasi ndogo ya .276. Mwaka 1932 MacArthur, mkuu wa jeshi la Marekani wakati huo, akakataa, stoo zimejaa .30. Ikabidi bunduki ifuate risasi.

kaka_wa_dalas:
Na M16, bunduki ya askari wa Marekani, huko Vietnam ni hadithi hiyohiyo. Ilijaribiwa na baruti ya vijiti, jeshi likabadilisha ikawa ya vipunje vya mviringo, spidi ya kichwa ileile ila bunduki ikaanza kukimbia kuliko mwanzo na kuchafuka, chemba haina kromu, askari hawana hata vifaa vya kusafishia, maganda yanagoma kutoka katikati ya mapigano. Mpaka Bunge lao likaunda kamati 1967.

babu_gobore:
Sasa mbona SMG (AK-47) hata izikwe kwenye tope inapiga?

fundi_chuma:
Sababu mojawapo ni ganda babu. La 7.62x39, risasi ya hiyo SMG, limechongoka, nyuma nene mbele jembamba, likisogea kidogo tu limeshaachana na kuta za chemba. Ndo maana magazini imepinda kama ndizi, ukipanga risasi zilizochongoka lazima zikunje. Ila za maganda ya chuma nyingi fataki zake ni za mtindo wa Berdan, ndani matundu mawili, kuitoa ni kazi. Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, ila Wamarekani wakashika ya Boxer na ya Berdan ikaenea zaidi Ulaya, sijui waligombania nini.

msukuma_wa_texas:
Wakuu nimerudi. Geji imefika jana, nimepima risasi 40, zilizokaa sawa ni 3. Zote nazivunja nianze upya. Ule mkono wa chuma nimeulaza kwenye picha ya kitabu naona kama haujapinda, ila unatakiwa uwe na kona kiwandani kwa hiyo siamini macho yangu. Mama wa range, nikikuletea Jumamosi utanikagulia?

mama_wa_range:
Lete. Na usije na risasi yoyote.