Mtihani wa mshauri wa mazao wa kimataifa, vibali vya hapa nyumbani au kurudi shule? Nipo Masasi, naomba ulinganisho

Chipukizi_Masasi
Wakuu, habari za kazi. Naombeni mnisaidie kulinganisha kabla sijatoa hela. Nataka kuwa mshauri wa mazao anayetambulika, mtu akiniita shambani ajue ameita mtaalamu. Nina njia tatu. Kwanza, mtihani wa Certified Crop Adviser wa Marekani. Pili, mafunzo na usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, nifungue duka la pembejeo na kushauri humo humo. Tatu, kurudi shule, SUA, chuo kikuu cha kilimo. Hela inatosha njia moja tu. Ipi itanilipa huku kusini? Nawasilisha.

MamaUfuta_Nachingwea
Karibu mdogo wangu. Sasa tukushauri vipi wakati hujasema umesoma mpaka wapi, umefanya kazi shambani muda gani, na unataka kuajiriwa au kujitegemea? Na mazao gani? Mshauri wa korosho na mshauri wa ufuta hawabebi begi moja.

Salfa_Newala
Duka. Mimi sizunguki. Mkulima wa Newala haulizi una cheti gani, anauliza una salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, na unajua inapulizwa lini. Ila usiingie kichwa kichwa: viuatilifu lazima usajiliwe na TPHPA, mbolea ni leseni ya TFRA, mbegu ni TOSCI. Milango mitatu. Ukipungukiwa na mmoja, siku ya ukaguzi duka linafungwa.

Mstaafu_Mikindani
Kijana, huo mtihani wa Marekani nimeufuatilia kwa karibu kwa sababu mwanangu aliutaka. Upo chini ya American Society of Agronomy, mpango wenyewe ulianzishwa 1992. Kwa kawaida mitihani ni miwili: wa kimataifa na wa bodi ya eneo. Ule wa kimataifa umegawanyika sehemu nne, yaani virutubisho, udongo na maji, udhibiti husishi wa visumbufu (wadudu, magonjwa na magugu), na usimamizi wa zao lenyewe. Kufaulu peke yake hakukupi cheti. Wanataka uzoefu wa kazi, miaka 2 kwa mwenye shahada ya kilimo na zaidi kwa asiye nayo, kisha unasaini kanuni za maadili. Ukishapata, unatakiwa kukusanya saa 40 za kujiendeleza kila miaka 2, la sivyo kinakufa.

Kabla hujalipa hata senti, waandikie uwaulize ni bodi ipi ya eneo itakupokea ukiwa Tanzania. Upate jibu la maandishi.

Chipukizi_Masasi
Shikamoo mzee. Asante sana. Dada MamaUfuta, nina stashahada ya kilimo, nilisoma MATI Mtwara. Kazi nimefanya fanya na amcos, chama cha ushirika cha wakulima, na kampuni moja ya pembejeo.

MamaUfuta_Nachingwea
"Nimefanya fanya" siyo muda, mdogo wangu. Una barua za waajiri? Hao watu wanataka uzoefu unaothibitishwa. Na swali la kuajiriwa au kujitegemea bado hujalijibu.

Tandahimba_Kwetu
Ngojeni niseme jambo, kwa sababu mimi vyeti vimenitia uchungu.

Msimu mmoja alikuja kijijini kwetu mshauri wa kampuni fulani, siitaji. Cheti chake cha ushauri wa mazao alikitundika ofisini kwa amcos, kila mtu akione. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na kwenye mashamba ya bondeni machipukizi yalikuwa yanakauka kuanzia ncha. Alitembea kwenye shamba moja la pembeni ya barabara, akatazama kutoka chini ya mti, akasema ni ubwiriunga umezidi, ongezeni salfa. Watu wakaongeza. Mama mmoja jirani yangu alikopa hela ya salfa, ya kukodi mashine na ya vijana wa kupuliza.

Sasa ungevuta tawi lolote ukalisogeza machoni, ungekuta vidonda vyeusi vilivyobonyea kwenye kikonyo laini, vingine vinatoa utomvu. Ubwiriunga hauko hivyo. Ubwiriunga ni unga mweupe juu ya maua na majani machanga, ukipitisha kidole unabaki kidoleni. Yale yalikuwa ni mashambulizi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, na salfa haiui mbu. Walipuliza alfajiri, upepo umetulia, umande upo, kila kitu kwa utaratibu, na mbu waliendelea kufyonza. Maua yaliyobaki yakakauka, na korosho changa zikadondoka zikiwa saizi ya harage. Yule mama alilipa deni kwa mavuno ya mwaka uliofuata. Mshauri alihamishiwa wilaya nyingine, cheti akaondoka nacho.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nenda kakae kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, hata kwa kujitolea. Shika matawi kwanza.

Mstaafu_Mikindani
Pole sana ndugu yangu, na pole kwa huyo mama. Lakini habari yako inatetea mtihani wenye masharti. Sehemu ya visumbufu inaanzia hapo hapo: tambua kwanza, kagua kiasi cha uharibifu, ndipo useme dawa. Tatizo lenu lilikuwa cheti ambacho hakuna aliyeuliza kimetolewa na nani. Madaktari wa mifugo wana baraza lao kwa Sheria ya Veterinari ya 2003, akikosea kuna pa kumshitaki. Mshauri wa mazao akikuunguzia shamba utampeleka wapi?

Tandahimba_Kwetu
Hapo mzee nakubali. Lakini bodi iliyopo Marekani itamsaidiaje mama wa Tandahimba?

Lindi_Agro
Mimi hoja yangu ni duka. Mtu anayeuza dawa asiwe ndiye anayesema dawa inahitajika. Hata awe mwaminifu, mwisho wa mwezi kuna kodi ya fremu.

Salfa_Newala
Unatutukana, Lindi_Agro. Nimeshawarudisha watu wengi nyumbani bila kuwauzia kitu, nikawaambia kafyekeni, punguzeni matawi, hewa ipite. Na asiye na duka atalipwa na nani? Mkulima wa huku hajazoea kulipia maneno. Pembejeo zenyewe nyingi zinakuja za ruzuku kupitia amcos.

MamaUfuta_Nachingwea
Atazoea akiona faida. Kikundi chetu cha akina mama tulichangishana tukamlipa mtaalamu atupimie udongo, na tumeacha kutupa mbolea ovyo. Tunalipa.

Kilwa_Mbaazi
Niwarudishe kwenye mtihani. Hesabu zake zinataka mazoezi, na vitabu vingi vinatumia ratili kwa eka. Zidisha kwa 1.12 kupata kilo kwa hekta. Mfano: unataka kilo 60 za naitrojeni kwa hekta, urea ina asilimia 46. 60 gawanya kwa 0.46 ni kama kilo 130. Hekta ni eka 2.47, kwa hiyo eka moja ni kama kilo 53, mfuko mmoja na kidogo. Mtego mwingine ni fosforasi: mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 una kilo 23 za P2O5, ndivyo fosforasi inavyoandikwa kwenye mfuko, lakini fosforasi halisi ni kama 10 tu. Na jiandae kwa maswali ya mahindi na soya. Korosho usiitegemee.

Chipukizi_Masasi
Kilwa_Mbaazi asante, hiyo ya P2O5 nilikuwa sijaielewa vizuri. Nataka kujitegemea, dada. Barua ya kampuni ninayo, ya amcos nitaomba. Wiki ijayo nakwenda Naliendele kuuliza nafasi ya kujitolea, na hao wa Marekani nawaandikia leo. TPHPA sijaifuta bado.

Salfa_Newala
Msimu wa kupuliza haukusubiri, mkuu.

Lindi_Agro
Ukifika Naliendele niulizie kama wana miche ya korosho iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti bora, na bei. Nina eka zangu huko Mtama, Lindi, nataka kupanda mvua zikianza.

Kilwa_Mbaazi
Mtama udongo wako ni kichanga au mfinyanzi? Na kama kuna mikorosho ya zamani, unaing'oa au unaibebesha juu kwa juu?